Tunaomba CD, filamu peke yake haitoshi

Ndugu Mhariri,

Mdogo wangu alianguka na bodaboda akavunjika mfupa wa shavu. Hospitali ya kwanza ilimpiga CT-scan usiku uleule. Tukalipia, tukakabidhiwa bahasha kubwa yenye filamu mbili na karatasi ya majibu. Wiki iliyofuata, kwenye hospitali ya rufaa, daktari wa upasuaji wa taya aliinua filamu dirishani, akapitisha ncha ya kalamu juu ya vile vipicha vilivyopangana kama stempu, kisha akauliza: "CD iko wapi?"

Hatukuwa na CD yoyote yenye picha zote za kipimo. Tulipopiga simu tulikotoka, tukajibiwa kuwa picha zimeshafutwa, mashine ilikuwa imejaa. Basi mgonjwa akapimwa upya: mionzi mara mbili, fedha mara mbili.

Daktari hakuwa anadeka. Mashine ile huzunguka kichwa ikipitisha mionzi kutoka kila pembe, na kompyuta hupiga hesabu kujua kila nukta ya mwili imezuia mionzi kiasi gani. Zinatoka slesi kama za mkate, mamia kwa mamia, nyingine hazifiki unene wa milimita moja. Programu ikizipanga upya, fuvu zima linasimama kwenye skrini. Unaligeuza, unalichungulia hata kwa chini. Filamu yetu ilikuwa na slesi chache tu, za milimita tano. Sakafu ya tundu la jicho ni mfupa mwembamba kama ganda la yai, na kwa slesi nene hivyo ufa wake unaweza kupita bila kuonekana. Hata ungezirundika, uso ungetoka una ngazi ngazi kama matuta ya Lushoto.

Baada ya kipimo cha pili nilimwona mdogo wangu kwenye skrini, mifupa mitupu. Shavu la kushoto lilikuwa limezama na kupinda kidogo, mfano wa mlango uliong'oka bawaba moja. Daktari alilizungusha kwa mausi, akapima pengo, akaamua palepale atakata wapi na bamba la kushikilia mfupa likae wapi.

Hesabu hii ya kugeuza mionzi kuwa picha si ngeni. Mwanafizikia Allan Cormack alianza kuikunia kichwa Cape Town mwaka 1956, na tarehe 1 Oktoba 1971 mashine ya mhandisi Godfrey Hounsfield ikampima mgonjwa wa kwanza London, kwa picha ya miraba 80 kwa 80. Mwaka 1979 wakagawana Tuzo ya Nobel. Sisi leo tunanunua mashine za kisasa, halafu mgonjwa anaondoka na plastiki ya kuangalizia dirishani!

Najua watumishi wa mionzi watasema zahanati nyingi hazina kompyuta ya kufungulia CD. Sawa, filamu zibaki. Ila CD tupu ni bei ndogo mno ukilinganisha na kipimo chenyewe. Na iwekwe slesi nyembamba zote, si zile chache zilizochaguliwa kwa ajili ya filamu, kwani CD yenye hizo chache tu haimsaidii daktari wa upasuaji. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kupata taarifa zake, na sioni taarifa iliyo binafsi kuliko fuvu la mtu.

Wizara iagize CD itolewe pamoja na majibu, kabla mgonjwa hajaombwa kusaini na kuondoka.

Msomaji wako,
Morogoro