Uvimbe wangu na mbwa wenu

Kawangware, Nairobi
Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Habari najua zimekutangulia huko Voi: ati Rehema ana uvimbe kwenye uti wa mgongo, ati hatatembea tena. Natembea. Jana nimepandisha mtungi wa gesi ghorofa ya tatu, nikitukana njia nzima.

Picha ya MRI ilionyesha kifuko cha maji kwenye mzizi wa neva, chini kabisa karibu na kifandugu. Kinaitwa kifuko cha Tarlov, kwa jina la daktari wa Marekani aliyekieleza mwaka 1938. Maji yake ni yaleyale yanayozunguka ubongo. Wengi wanacho na hawajui, na daktari anasema maumivu yangu huenda hata hayatoki hapo. Kisiguswe. Pesa zote zile, niambiwe nina maji!

Aliyenitia huruma ni mzee mmoja wa Turkana tuliyekaa naye foleni, miguu imemfa ganzi. Chake si cha kuachwa, kimeletwa na tegu wa mbwa. Mbwa akila ini au pafu bichi la mbuzi lenye vifuko, tegu hukua tumboni mwake. Mayai hutoka na mavi, yakanata kwenye manyoya, yakaingia majini na kwenye mboga. Mtu akiyameza, kifuko huota, aghalabu kwenye ini au mapafu. Ni mara chache kiingie mfupani, lakini kikiingia, mara nyingi huwa ni pingili za mgongo. Mwanawe alisema wapasuaji wanachoogopa ni kipasuke: maji yakimwagika ndani huotesha vingine, na mwili waweza kupata mshtuko hata mtu akafa.

Hapo nikamkumbuka mbuzi wa nyanya yako, yule aliyekuwa akizunguka palepale mpaka mkaita mganga. Pengine hakurogwa. Yuko tegu mwingine wa mbwa ambaye kifuko chake hukaa kwenye ubongo wa mbuzi na kondoo. Kikikaa kwenye uti wa mgongo, miguu ya nyuma ndiyo hulegea.

Sasa huyo mbwa wenu, Simba. Shemeji akichinja humrushia mapafu yangali moto, nimemwona kwa macho yangu. Mwambie aache. Yenye vifuko yachomwe, au yafukiwe kina ambacho Simba hafukui. Nimeulizia dawa ya tegu kwa daktari wa mifugo. Nitaituma na basi la Ijumaa. Uende stendi wewe mwenyewe, shemeji atasahau.

Wako,
Rehema