KUH: Difu ya LSD Mliyoniuzia Ambayo Si LSD, na Kufukuzwa kwa Fundi Wangu Kwenye Kaunta Yenu

Kwa Mkurugenzi Mtendaji,
Eneo la Viwanda, Nairobi.

Bwana Mkurugenzi,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa heshima hiyo naishikilia kwa shida, kuhusu difu (kifaa cha nyuma kinachogawa nguvu ya injini kwa magurudumu) niliyonunua kwenu na kufungiwa katika gereji yenu kwa ajili ya gari langu aina ya Datsun 240Z la mwaka wa 1972. Ankara yenu, ambayo nakala yake nimeiambatisha, inasema waziwazi: R180, LSD, uwiano wa 3.9. R180 ni aina ya difu; LSD ni difu yenye klachi zinazobana ili magurudumu mawili yafuatane hata moja likiteleza; uwiano ni mara ambazo shafti inayotoka kwenye gia huzunguka kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu. Iliyomo ndani ya gari langu ni R180 ya kawaida isiyo na LSD, tena yenye uwiano wa 3.36. Ninachoomba ni kimoja tu: leteni mlichokiandika, mkifunge inavyotakiwa, na mchukue chenu.

Sikuagiza kwa kubahatisha. Muuzaji wenu alitaka kwanza nichukue R200, akisema krauni yake (gia kubwa ya duara ndani ya difu) ya milimita 200 ina nguvu kuliko ile ya milimita 180, jambo ambalo ni kweli. Lakini R200 ni nzito zaidi, na ingenilazimu kubadilisha hata chuma cha nyuma kinachoibeba. Akaniletea wazo la kutumia difu ya Subaru Impreza STI, ambayo nayo ni R180 na ilikuwa ikitoka kiwandani ikiwa na LSD, ila shafti zangu za pembeni haziingiani nayo bila kuchongewa viunganishi, na mimi sitaki kiungo cha kuchonga kwenye gari litakalopigwa na mawe na makorongo. Nilimweleza pia kwa nini nataka 3.9. Uwiano wa 3.36 ndio waliopewa Wamarekani kwa ajili ya barabara zao kuu. Huku kwetu, ukitoka kwenye kona ya changarawe yenye mwinuko, gari lenye 3.36 hukosa pumzi hadi kasi yote iishe. Alinisikiliza, akatikisa kichwa kukubali, akaandika ankara, nami nikalipa fedha zote, si nusu.

Kasoro ilijitokeza kwenye udongo mweusi, upande wa Kajiado, baada ya mvua. Gurudumu la kulia liliingia kwenye mfereji, likawa linazunguka na kurusha matope hadi kwenye kioo cha nyuma, huku la kushoto, lililokuwa limekanyaga ardhi kavu, limesimama tuli. Kila fundi wa magari ya mbio anajua maana yake: difu haina LSD. Tulipolirudisha gari gereji, fundi wangu alilinyanyua kwa jeki magurudumu yote mawili ya nyuma, akaweka gia huru, akazungusha la kushoto kwa mkono kwenda mbele. La kulia likarudi nyuma. LSD haifanyi hivyo. Magurudumu yangefuatana.

Tulikuja kwenu na habari hiyo, na hapo ndipo msimamizi wenu wa huduma alipomfukuza fundi wangu mbele ya wateja. Fundi huyu ni mzee aliyeanza kufunga difu enzi ambapo mbio za Safari bado zilikuwa zikivuka mipaka ya Kenya na kuingia nchi jirani. Aliongea kwa upole. Aliambiwa kuwa yeye ni fundi wa chini ya mti, na kwamba kampuni hii hutumia kompyuta. Kisha akaitwa askari wa lango.

Naomba nirudi kidogo nyuma, kwa sababu mambo haya yanaunganika. Siku ya kufungwa kwa difu hiyo, ninyi ndio mliosisitiza kwamba kazi ifanyiwe kwenu, la sivyo dhamana ingebatilika. Nilikubali. Gari liliporudi, oili ilikuwa ikidondoka kwenye sili ya pinioni (gia ndogo inayoizungusha krauni), bolti mbili za shafti ya pembeni ya kushoto zilikuwa zinazunguka kwa vidole, na kulikuwa na mlio wa kuvuma kila nilipoachia mafuta. Msimamizi wenu alidai kuwa klachi za LSD mpya huhitaji muda wa kuzoeana kabla ya kubana. Klachi zipi? Tulipofungua kifuniko cha nyuma tulikuta kasha tupu lililo wazi, vigia viwili vidogo vya katikati na viwili vya pembeni, basi. Krauni ina meno 37 na pinioni ina meno 11. Mwenye kompyuta na agawanye. Sasa ninaambiwa kuwa kwa kufungua kifuniko nimevunja dhamana, ilhali tuliligundua tatizo juu ya jeki kabla spana yoyote haijagusa kifuniko hicho, na nililileta kwenu likiwa vilevile.

Nililileta kwenu, Bwana Mkurugenzi, na hiki ndicho nilichokiona kwa macho yangu. Mzee alikuwa amefunga pinioni ya difu yetu ya zamani, ile iliyovunjika jino, kwenye kitambaa cha kanga, ili aionyeshe idara yenu na kuthibitisha kuwa hata kabla ya kuja kwenu gari halikuwahi kuwa na 3.36. Aliiweka kwenye kaunta taratibu, akafunua kitambaa, akasema, "Mwanangu, hesabu meno haya nami nihesabu." Msimamizi, ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake, hakuiangalia. Alisema, "Mzee, toa hilo takataka hapa, unachafua kaunta, gari lenyewe ni la makumbusho." Wateja wawili wakacheka. Askari akamshika mzee mkono juu ya kiwiko na kumtoa nje, na pinioni ikafuata nyuma yake ikiwa imetupwa, si kukabidhiwa, ikaanguka kwenye saruji ya mlangoni. Kitambaa kilibaki juu ya kaunta hadi nilipokichukua mwenyewe. Nilipoomba kumwona meneja, niliambiwa yuko mkutanoni. Kwenye simu pia yuko mkutanoni hadi leo.

Kuhusu gari la makumbusho, sitabishana. Datsun 240Z ilishinda mbio za Safari mwaka wa 1971 na tena mwaka wa 1973, mara hiyo ya pili Shekhar Mehta akiwa kwenye usukani, na haihitaji kutetewa na mimi mbele ya kijana wa kaunta.

Nilianza barua hii nikiomba kubadilishiwa difu. Kwa kuwa nimelazimika kuyaandika yote haya, sitaki tena mnibadilishie chochote. Nataka fedha zangu zote za difu na za ufungaji, gharama ya lori la kuvuta gari kutoka Kajiado, na malipo ya fundi wangu kwa kazi ya kugundua kosa lenu. Zaidi ya hayo, nataka barua ya kumwomba radhi mzee, yenye sahihi yako wewe na si ya msimamizi, nayo isomwe kwenye kaunta ileile mbele ya wafanyakazi walewale.

Unajua, kama ninavyojua, kuwa Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na kwamba Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na fidia akipata hasara. Nilikuwa nimekusudia kuwapa siku kumi na nne. Nawapa saba tangu mpokee barua hii. Siku ya nane nitakuwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na haihitaji niajiri wakili, na nitakwenda na ankara yenu, picha za krauni ile, na mzee mwenyewe kama shahidi.

Gari litabaki juu ya jeki kwenye gereji yake. Mtakayemtuma kuja kuichukua difu yenu aje na fedha na barua ya radhi mkononi. Asipokuwa navyo, lango halitafunguliwa.

Wako,
Mteja mwenye ankara iliyoambatishwa.