Barua kwa Baba: maneno marefu ya Waswidi

Uppsala, Uswidi

Baba yangu mpenzi, shikamoo. Shikamoo Mama. Zuhura na wadogo zangu wote, hamjambo? Mimi ni mzima wa afya, Alhamdulillahi, hofu ni kwenu mlioko Tanga.

Baba, kwenye simu uliniuliza ni neno gani lile refu lililoandikwa kwenye beji ya sare yangu ya kazi. Ni undersköterska, yaani muuguzi msaidizi. Muda wa simu haukutosha, na kwa kuwa Zuhura naye anajiandaa kuja kusoma huku, nimeona niandike ili msome pamoja. Wewe ndiye uliyetufundisha nomino ambatani, kwa hiyo sitakueleza juu juu.

Waswidi huunganisha maneno na kuyaandika kama neno moja, bila nafasi katikati. Kitovu cha neno kipo mwishoni. Sisi tukisema mwanajeshi au mwanasheria, aina ya mtu tumeshaitaja mwanzoni, na wingi unaingia hukohuko mbele: wanajeshi, wanasheria. Kwao ni kinyume. Fönster ni dirisha, glas ni kioo. Fönsterglas ni kioo cha dirisha, lakini glasfönster ni dirisha la kioo. Kipande cha mwisho ndicho kinachotawala kila kitu: jinsia ya kisarufi (Kiswidi kina mbili, ya en na ya ett), wingi na umahususi, yaani kama kitu kinachotajwa kinajulikana au la. Barn (mtoto) iko upande wa ett, bok (kitabu) iko upande wa en, basi kitabu cha watoto ni en barnbok. Na kwa kuwa wingi wa bok ni böcker, hapohapo umeshapata barnböcker (vitabu vya watoto), ordböcker (kamusi), skolböcker (vitabu vya shule). Zuhura, ukiwa na wingi wa neno moja fupi unao wingi wa maneno mengi marefu. Anza na mafupi.

Katika viungo, yaani pale kipande kinapokutana na kingine, ndipo penye kazi, na mimi hapo ndipo ninapopapenda zaidi. Wodini tuna mashine ya kupima presha. Kipimo cha shinikizo la kitu chochote, hewa au maji, ni tryckmätare: tryck ni shinikizo, mätare ni kipimo. Lakini cha shinikizo la damu ni blodtrycksmätare, na katikati imechomoza s. Kwa nini? Kwa sababu blodtryck yenyewe tayari imeundwa kwa maneno mawili, blod (damu) na tryck, na s inaonyesha kwamba kifungu cha kwanza kimeisha pale. Mpira ni hivyohivyo: bollplan ni uwanja wa mpira, halafu fotbollsplan ni uwanja wa kandanda. Si sheria isiyovunjwa, ila ukiifuata utapatia mara nyingi. Maneno yanayoishia na -het, -ning, -skap au -tion nayo huidai s hiyo: frihet ni uhuru, frihetskämpe ni mpigania uhuru. Yale yanayoishia na a yana visa vyao. Skola, shule, ikiunganishwa huangusha a na kuwa skolbok. Gata, mtaa, hugeuka gatunamn, jina la mtaa. Kyrka, kanisa, hugeuka kyrkogård, makaburi. Hizo u na o ni masalia ya viambishi tamati vya Kiswidi cha kale, kwa hiyo Zuhura asitafute mantiki ya leo ndani yake. Ayakariri tu.

Sasa mkazo, Baba, maana hapa ndipo wengi wetu tunapojulikana tumetoka wapi. Mkazo wetu umekaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka nao unahama: kitabu, kitabuni. Wao mkazo mkuu wanauweka kwenye kipande cha kwanza na hauondoki hapo hata uongeze nini nyuma. Muuguzi ni sjuksköterska, yule muuguzi ni sjuksköterskan, wale wauguzi ni sjuksköterskorna. Mara zote nguvu iko kwenye sjuk. Kisha kuna mkazo wa pili, mdogo kidogo, kwenye kipande cha mwisho. Vipande vya katikati hufifia. Katika blodtrycksmätare utasikia blod na mä. Trycks inapita bila kusimama.

Juu ya mkazo kuna wimbo. Huku Uppsala na Stockholm sauti hushuka kutoka juu kwenye kipande cha kwanza, halafu hupanda tena kwenye cha mwisho. Kusini, Skåne, wimbo ni mwingine, na wengi wa Waswidi wa Finland hawana wimbo huo kabisa. Hili si pambo. En stor stad ni mji mkubwa, na kila neno limesimama kwa miguu yake. Storstad ni jiji, yenye kilele kimoja mbele na kingine nyuma. Mgonjwa mzee huitambua maana kwa wimbo huo kabla hata ya kuzisikia herufi vizuri, nami nimeona namna wanavyotulia mtu akilipiga neno inavyotakiwa.

Ndiyo maana pia nafasi moja kwenye maandishi inaleta balaa. Sjuksköterska ni muuguzi. Sjuk sköterska ni muuguzi anayeumwa. Rökfritt ni mahali pasipovutwa sigara. Rök fritt ni ruhusa, vuta upendavyo! Wenyewe huliita kosa hilo särskrivning na linawaudhi sana. Mimi naona wana haki.

Kuhusu silabi, Baba, za kwetu ni huru karibu zote, huishia kwa irabu. Za kwao nyingi ni funge, na konsonanti hujazana penye kiungo. Neno likikatwa mwishoni mwa mstari, kwanza hukatwa kwenye kiungo: barn-vagn, gari la mtoto. Ile s ya kiungo hubaki kushoto: blodtrycks-mätare. Ndani ya kipande chenyewe unaweza kuvusha konsonanti moja, mä-tare, au kufuata mzizi, mät-are. Njia zote mbili zinakubalika. Lililonishangaza zaidi ni hili: hawaandiki konsonanti tatu zinazofanana mfululizo. Natt, usiku, na tåg, treni, huwa nattåg. Lakini ukilikata mwishoni mwa mstari, t iliyofichwa inarudi: natt-tåg. Kwa hiyo glasskål inaweza kuwa bakuli la kioo (glas na skål) au bakuli la aiskrimu (glass na skål). Kwa maandishi muktadha ndio unaoamua, ila mdomoni a ya glas ni ndefu na ya glass ni fupi.

Kwa maneno haya Zuhura atahitaji SAOL, orodha ya maneno ya Akademia ya Uswidi. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1874, na toleo la 14 ni la mwaka 2015, lenye maneno kama 126,000. Inapatikana bure mtandaoni. Hata hivyo asitarajie kukuta kila neno ambatani humo, maana watu huunda mapya kila siku.

Zuhura, nirekodie kwa sauti storstad, nattåg, barnböcker na sjuksköterskorna, unitumie WhatsApp kabla ya Ijumaa. Jumamosi sina zamu, nitakupigia tuyapitie moja moja. Baba naomba akae karibu asikilize. Sikio lake la mwalimu litagundua mkazo ukihama.

Mama, zile dawa za goti nimempa jirani anayekuja Dar mwezi ujao. Nisalimieni Shangazi na watu wote wa nyumbani.

Mwanenu,
Mwajuma