Hoteli imenunua picha, haikununua haki ya kuichapisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimzungumzie mchoraji mmoja wa Australia, kisha nifike kwetu Moroto, Karamoja, hapa Uganda.

Albert Namatjira, mtu wa kabila la Arrernte, mmoja wa wenyeji wa asili wa Australia, alizaliwa mwaka 1902 katika misheni ya Walutheri ya Hermannsburg, katikati ya Australia, kukavu kuliko hata huku kwetu. Mwaka 1936 mchoraji wa Kizungu, Rex Battarbee, alikwenda kuchora milima ya kule. Namatjira akamtunzia ngamia safarini, na ujira wake ukawa kufundishwa rangi za maji. Mwaka 1938 alifanya maonyesho yake ya kwanza Melbourne. Picha zote 41 zilinunuliwa.

Mimi riziki yangu ni mabango ya maduka na maandishi kwenye malori, ila napenda zaidi kuuchora mlima wa Moroto. Watalii hutaka niwachoree jangwa. Nawaambia Karamoja si jangwa, mvua ikija mtama unaota. Wanacheka, halafu wananunua ile yenye vumbi. Kwa hiyo picha za Namatjira nilizitazama kwa jicho la fundi. Milima yake ni zambarau na bluu, ardhi nyekundu, na mbele unasimama mti wa jamii ya mkaratusi, gome lake jeupe kabisa. Mtu wa mjini atasema ametia chumvi. Aje Moroto mwezi wa Januari, jua likishuka na vumbi likiwa hewani, auone mlima wetu unavyogeuka rangi hiyohiyo. Na ule weupe wa gome si mchezo. Kwenye rangi za maji weupe ni karatasi yenyewe, ukishaifunika, umeipoteza. Lazima ujue mti utasimama wapi kabla brashi haijalowa. Wako wajuzi waliosema aliiga tu Wazungu. Siwaelewi. Ile ilikuwa nchi ya wazee wake.

Sifa alipata, na mwaka 1954 alikutana na Malkia Elizabeth mjini Canberra. Lakini alipoomba kukodi ardhi ya malisho alikataliwa, alipotaka kujenga nyumba Alice Springs akakataliwa tena. Wafugaji wa huku hawahitaji kuelezwa uchungu wa hilo la kwanza. Mwaka 1957 yeye na mkewe Rubina walipewa uraia kamili, watoto wao hawakupewa. Uraia huo ulimruhusu kununua pombe, lakini kumpa jamaa yake asiye na uraia likawa kosa. Mwaka 1958 alihukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kosa hilo. Rufaa ikapunguza hadi mitatu, akatumikia miwili. Alifariki Agosti 1959.

Kilichonifanya nishike kalamu kilitokea yeye akiwa kaburini. Mwaka 1983 ofisi ya serikali iliyosimamia mirathi yake iliiuzia kampuni ya Legend Press hakimiliki ya kazi zake kwa dola 8,500 za kule. Familia haikuulizwa. Picha za mzee wao zikaendelea kuchapishwa, wajukuu hawapati kitu. Haki hiyo ilirudi kwa mfuko wa familia mwaka 2017 tu, na ilirudishwa kwa dola 1.

Hapa Uganda tunayo Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006. Haki ni ya mchoraji maisha yake yote, na ya warithi wake miaka 50 baada ya kifo, hata kama kazi hukuisajili. Anayenunua turubai amenunua turubai. Hoteli moja, sina haja ya kuitaja, ilinunua picha yangu ya mlima. Baadaye nikaikuta kwenye kalenda yao, sahihi yangu ya pembeni imekatwa. Nilipokwenda kuuliza, kijana wa mapokezi akanijibu, "Mzee, si tulishakulipa?" Wala sikumkasirikia yeye, nani amewahi kumwambia? Siku hizi risiti yangu ina mistari miwili: picha imeuzwa, haki ya kuichapisha inabaki kwa mchoraji. Tunatia sahihi wote wawili. Wapo wateja wanaonuna, lakini wanatia.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni mawili. Kwanza, zile picha za kuchorwa mnazopambia kurasa zenu ziwekeeni jina la aliyechora. Pili, mtafuteni mwanasheria aieleze sheria hiyo kwa Kiswahili cha kawaida, maana vijana wanaochora huku Kiingereza cha mahakamani kinawashinda, na wengi hawajui kama haki hiyo wanaweza kuwaandikia watoto katika wosia. Nakala ya risiti yangu niko tayari kuileta muichapishe. Hiyo wenzangu wainakili bure.

Mchoraji wa mabango,
Moroto, Karamoja