Mhariri, gemu ya kuchora ramani mbona hamjawahi kuigusa?

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, kama tunalingana basi salama tu. Naandika nikiwa kazini kwenye kibanda changu cha kutengeneza simu hapa Mwanjelwa, vidole vina gundi ya skrini, kwa hiyo mkikuta herufi zimerukwa mtanisamehe. Ile makala ya ukurasa wenu wa vijana kwamba magemu yanafanya watoto wasifikiri nimeisoma yote, na kuna mteja naye akaisoma hapa hapa kwenye benchi akaniambia fundi umeona wamekusema. Sikatai kila kitu. Dogo anayekesha na gemu za risasi kwenye simu afu asubuhi anasinzia darasani yupo na tunamjua. Ila mmetia vyote kapu moja mpaka na mashine za bonanza, jamani bonanza ni kamari ile, gemu inaingiaje hapo?

Mimi natetea moja tu, Etrian Odyssey. Najua wengi wenu ndo mnaisikia leo na hilo haswa ndo linaloniuma. Ilitengenezwa na kampuni ya Atlus ya Japani, kwao ikatoka Januari 2007 na Marekani ikafika Mei mwaka huo huo, na inachezwa kwenye Nintendo DS, kile kidude cha kukunja chenye skrini mbili kilichoanza kuuzwa 2004, ile ya chini unaigusa kwa kikalamu. DS zimeuzwa zaidi ya milioni 150 dunia nzima kwa hiyo haishangazi zingine kuja kuangukia huku kwetu kwenye vitu vya mtumba, hinji imelegea, kikalamu hakipo, lakini ukiweka chaji inawaka kama kawaida. Sasa mamilioni ya watu walikuwa na hiyo mashine mkononi na wengi wao walicheza magemu ya fundi bomba Mario na ya kufuga mbwa. Hii ikabaki ya wachache.

Kazi yenyewe ni hivi. Kuna mji unaitwa Etria, chini yake kuna msitu unaoshuka ardhini, floo juu ya floo, na hamna anayejua mwisho wake. Wewe unaunda kikundi cha watu watano, watu wa mbele wa kupigana na watu wa nyuma wa kusaidia, majina unawapa mwenyewe, afu mnashuka. Skrini ya juu inakuonyesha njia kama vile upo ndani kwa macho yako. Skrini ya chini ni karatasi ya viboksi, nyeupe, tupu, na hapo ndo penyewe, kwa sababu ramani hupewi. Unaichora. Ukuta ukiuona kushoto unauchora kushoto, mlango unaweka alama ya mlango, ngazi unaweka ngazi, sehemu yenye kitu cha ajabu unaandika kinoti. Misheni ya kwanza kabisa serikali ya pale mjini inayokupa siyo kuua dubwana, ni kuchora kipande cha floo ya kwanza, usipochora hawakuamini kukuruhusu uendelee.

Wazee wa kompyuta watasema hiyo siyo mpya na ni kweli, tangu gemu ya Wizardry ya 1981 ya kwenye kompyuta ya Apple II watu walikuwa wanakaa na penseli na karatasi ya viboksi pembeni, vinginevyo wanapotelea humo ndani. Baadaye magemu yakaanza kukuchorea yenyewe, ukitembea ramani inajijaza, na hapo mtu akaacha kuangalia anapopita. Wale Atlus wakairudisha ile karatasi wakaiweka ndani ya mashine. Yaani ni wazo dogo mpaka unajiuliza kwa nini wengine hawakuliona, skrini ya kugusa ipo, kikalamu kipo, wengine wote wanakitumia kubonyezea menyu.

Na nyie mnaosema gemu haimfikirishi mtu njooni niwaonyeshe kitu kinaitwa FOE. Wale viumbe wa kawaida wanatokea ghafla kama kwenye gemu zote. Lakini hawa FOE unawaona kwenye ramani, kidoa cha rangi ya machungwa, na kila ukipiga hatua moja na yeye anapiga moja. Ukisimama anasimama. Wana nguvu kuliko wewe kwa mbali, floo ya pili tu huko unakutana na mnyama kama swala mwenye hasira, ukimgusa mapema anawalaza wote watano. Kwa hiyo unajifunza njia yake, kumbe anazunguka hivi, akifika kona anageuka, mimi nikiingia kwenye kile kichochoro wakati ananipa mgongo nina hatua kadhaa kabla hajarudi. Unahesabu. Afu utamu unaokuja na presha ni kwamba ukiwa unapigana na viumbe wadogo yeye huko nje anaendelea kusogea, kila raundi anasogea, na akikufikia anaingia kwenye ugomvi. Mpwa wangu yupo fomu tuu, likizo anashinda hapa kibandani, siku nilipompa ashike akakaa kimya muda mrefu afu akauliza, "Anko, huyu mbona hanifukuzi ila kila nikienda nampata mbele?" Nikamwambia angalia ramani yako. Akaangalia, akatoa kikalamu, akaanza kuchora vishale anakopita yule mnyama. Hakuna aliyemwambia achore vishale. Huyo ndo mtoto asiyefikiri wa makala yenu.

Watu wa Chunya wataielewa hii gemu haraka kuliko mtu wa Tokyo. Etria ni mji unaoishi kwa shimo, kama Makongolosi ya huko Chunya inavyoishi kwa dhahabu, hakuna anayelima pale, kila mtu anamsubiri aliyeshuka apande na mzigo. Ukiua kiumbe hadondoshi hela, hiyo ya viumbe kutembea na sarafu tumboni hamna humu, anaacha ngozi, jino, gamba, unapeleka dukani unauza na kwa mali hiyo dada wa dukani ndo anaweza kutengeneza panga jipya la kukuuzia wewe mwenyewe. Ukipeleka gamba ambalo halijawahi kufika mjini, kesho kuna ngao ambayo haikuwepo. Kuna baa ya kuokotea vibarua na maneno, kuna kliniki ya kufufua waliokufa na bili yake siyo ya huruma, na gesti, hii inanichekesha mpaka leo, bei ya kulala inapanda kadiri timu yako inavyopanda levo. Wakishakuona umepata wanakubadilishia bei. Nani asiyeijua hiyo?

Muziki nao upeni nafasi. Ametunga Yuzo Koshiro, yule yule wa Streets of Rage, ile gemu ya ngumi ya Sega, wale wenzangu tuliocheza kwenye mikanda ya Sega wanamjua bila kumjua. Alitunga akitumia sauti za kompyuta ya zamani ya NEC PC-8801 na hazijapambwa, ile floo ya juu ya msitu wa kijani ina wimbo wa utulivu kabisa, unachora huku unausikiliza unasahau kwamba kona inayofuata unaweza kufa.

Kwa nini haikutamba? Mimi naona ni sura kwanza. Michoro ya wahusika wamechorwa kama watoto, macho makubwa, mtu anaona kava anasema hii ya wadogo, kumbe ndani ni ngumu. Pili stori yake haisemi sana, wale watu wako watano hawaongei, hawana historia zaidi ya utakayowapa wewe, na mchezaji aliyezoea kusimuliwa anaona hamna kitu. Kwangu hiyo ndo nzuri, mwimbaji wangu wa nyuma nilimpa jina la rafiki yangu wa Tukuyu na akifa roho inaniuma kweli. Stori ipo jamani, inakuja ukishuka sana, kuna eneo la tano huko chini ambalo sitasema chochote kulihusu.

Kasoro zipo na nisizifiche nikaonekana natangaza biashara. Kuna sehemu unazunguka pale pale kupandisha levo mpaka unachoka, hasa kabla ya bosi, yaani dubwana kuu, wa eneo la kwanza la msitu, Fenrir, mbwa mwitu mkubwa anayeita wenzake katikati ya pambano. Ujuzi mmoja wa tabibu unaitwa Immunize ukiukuza vizuri unalainisha gemu nzima mpaka inakuwa siyo haki. Na kusevu siyo popote unapotaka, ukifa umekufa, kazi ya saa nzima inaenda na maji. Ila angalia walivyofanya hapo, ukifa wanakuuliza kama unataka kubaki na ramani uliyochora. Levo zimepotea, vitu vimepotea, ulichokijua kinabaki. Sijaona gemu nyingine inayomheshimu mchezaji namna hiyo.

Safari ya basi Mbeya mpaka Dar hakuna rafiki mzuri kama hii, ukitoka alfajiri na betri imejaa unafika Makambako floo moja imeshapakwa yote, na haihitaji bando wala mtandao, huko porini ambako simu inageuka tochi, hii gemu inaendelea. Umeme ukikatika haina habari.

Kwa asiye na DS, mwaka 2023 mwezi wa sita walizitoa upya zile tatu za mwanzo za mfululizo huu kwa ajili ya Switch, mashine ya Nintendo iliyokuja baadaye, na kompyuta, picha zimesafishwa na kuna kiwango chepesi cha kuchezea kinaitwa Picnic kwa anayeogopa kufa. Bei ni dola 40 kila moja, laki moja hiyo au zaidi kwa hela yetu, ndefu, mimi mwenyewe nilipiga hesabu nikafunga ukurasa. Na Switch ina skrini moja, ramani imebanwa pembeni, unachora ndiyo lakini siyo ule mkono wako chini na macho yako juu.

Sasa ombi langu Mhariri. Ukurasa wa vijana kila wiki ni gemu ya mpira ya FIFA na matokeo ya mikeka, wapeni hata robo safu wale wanaocheza vitu vya namna hii, wapo, wanakuja hapa kuulizia vikalamu. Na anayeanza asichukue watu wa kupiga peke yao, aweke mwenye ngao mbele, tabibu nyuma, mrusha moto na barafu nyuma, mwenye upinde, na mmoja wa panga, akomae na hao mpaka floo ya tano ndo abadilishe.

Na yeyote atakayefika kuniuliza, hapana, ya kwangu siuzi.

Fundi simu na msomaji wenu wa siku nyingi,
Mwanjelwa, Mbeya