Kabla hujaenda kununua mbao

Salaam sana, rafiki yangu.

Barua nimeipata, na mchoro wa uzio wa uwani nimeuelewa, ingawa mwandiko wako bado ni ule ule wa kuku. Hesabu ya nguzo ndiyo iliyopunguka. Umechukua mita zote 30 ukagawa kwa 2.4, yaani nafasi ya nguzo hadi nguzo, ukapata nguzo 14. Hesabu kila upande peke yake.

Nyuma ni mita 12: nafasi 5 kamili. Kushoto ni mita 9, hazigawanyiki sawasawa, basi weka nafasi 4 za mita 2.25. Kulia nako ni mita 9, lakini geti litakula 1. Zile 8 zigawe nafasi 4 za mita 2. Hizo ni nafasi 13, na geti juu yake, kwa hiyo nguzo ni 15. Uliyoisahau ni ya geti, na nguzo za geti ndizo zinazobeba mzigo kuliko zote.

Kwa uzio wa mita 1.8 chukua nguzo za mita 2.4, sentimita 60 zizame ardhini. Za geti ziwe ndefu zaidi, zizame hata 90. Ukichimba mashimo ya upana wa sentimita 30 kwa nguzo za 10 kwa 10, zege ya 1:2:4 (saruji 1, mchanga 2, kokoto 4) itataka mifuko 4 ya saruji ya kilo 50. Wachimbaji wakipanua mashimo ovyo, hesabu hiyo imekwisha, kwa hiyo simama nao.

Mbao za kulala ni 3 kila nafasi, yaani 39. Za kusimama, ubao wa sentimita 10 na mwanya wa 2 ni 12: kwa mita 29 bila geti zinatoka 242, na 9 za geti. Ongeza sehemu ya kumi, nunua 276. Usiione ni hasara, maana zitakuwemo zilizopinda na zenye vifundo vinavyopasuka ukipiga msumari. Zichague mwenyewe: inua ubao, funga jicho moja, utazame kutoka ncha hadi ncha. Misumari ni 6 kila ubao, miwili kila unapokutana na mbao ya kulala. Inunue kwa kilo.

Niandikie kama uwanja una mteremko. Ukiwepo, nguzo za upande huo zitabidi ziongezwe urefu, nami ningependa tuzihesabu upya kabla hujalipa.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi, jirani yako wa zamani.