Tusisingizie kompyuta, tuhesabu nukta

Mhariri salamu. Nina kiduka cha kuprinti mabango hapa Kariakoo na nimechoka na hii kauli ya vijana kila siku, "mzee mashine ndogo hii, tununue nyingine". Juzi dizaina wangu kafungua bango la duka la vitenge, mita 3 kwa mita 1, kompyuta ina ram GB 8 ikaganda kabisa, feni inalia kama mashine ya kusaga na mteja kasimama mlangoni. Kwenda kuangalia kumbe kaliweka nukta 300 kwa inchi! Hapo ni nukta zaidi ya milioni 400, kila nukta rangi nne za wino, kila rangi baiti moja, yaani GB 1.6 na ushee kwa leya moja (leya ni tabaka la picha, yanapangwa moja juu ya jingine), na yeye ana leya sita. Wakati bango lenyewe linatundikwa juu huko, watu wanalisoma wakiwa kwenye daladala. Nikamwambia shusha hadi 72, leya moja ikabaki kama MB 96, feni ikanyamaza.

Mimi hesabu hii nilifundishwa na ZX Spectrum, kompyuta ndogo ya nyumbani. Binamu yangu alitoka nayo Uingereza miaka ya 80, aliipitishaje airport anajua yeye maana kompyuta zilishapigwa marufuku kuingizwa tangu 1974, tukaichomeka kwenye TV ya kuangalizia video pale Upanga. Memori KB 48 tu. Skrini nukta 256 kwa 192, na picha nzima na rangi zake baiti 6912, kuipakia toka kwenye kaseti kama sekunde 40 huku inapiga kelele. Kila nukta ingepewa rangi yake picha ingekula nusu ya memori, ndio maana rangi ziligawiwa kwa viboksi vya nukta 8 kwa 8, kila kiboksi rangi mbili basi. Ukichora jogoo mwekundu mbele ya mti wa kijani na nyuma kuna mbingu, kishungi kinaambukiza majani, kwahiyo kabla hujagusa kitu unapanga kwanza jogoo asimame wapi. Na kumwaga rangi ndio usiseme, inatambaa unaiona kwa macho, mstari ukiwa na tundu la nukta moja tu inavuja skrini yote, na ukitaka kurudi nyuma kufuta kosa hakuna, unaanza upya.

Kurudi nyuma kwenyewe kuna gharama. MacPaint, programu ya kuchora ya Bill Atkinson wa Apple, 1984, ilikuwa inatunza nakala mbili za sehemu unayochora, ya sasa na ya kabla hujakosea, na Macintosh ile, kompyuta iliyoiendesha, ilikuwa na memori KB 128 kwa kila kitu! Aliweza kwa sababu picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, biti moja kwa nukta. Mwaka uliofuata kompyuta ya Amiga ikaja na chipu ya kuhamisha vipande vya picha, prosesa ikapata nafuu.

Ombi langu kwenu mhariri, mnapoandika habari za kozi za grafiki muwaulize hao walimu kama wanafundisha kupiga hesabu ya saizi ya faili, maana wanaokuja kwangu wanajua fonti mia tatu ila hawajui bango lao lina nukta ngapi.

Bango la vitenge lilitoka kabla ya adhuhuri. Kijana bado anadai nimnunulie kadi ya video.

Mwenye duka,
Kariakoo, Dar es Salaam